Kijana aliyeuliza kuhusu Roadster na MR-S ajibiwe swali lake

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule kijana aliyeuliza kwenye ukurasa wenu wa barua avute ipi kati ya Mazda Roadster na Toyota MR-S, gari ndogo za siti mbili za paa la kufunguka, maana majibu aliyopewa nimeyasoma yote na hakuna hata mmoja aliyejibu alichouliza. Huyu anamwambia nunua Noah, yule anamwambia kanunue kiwanja kwanza, mwingine eti siti mbili utambeba nani. Kijana kasema ana kazi, hajaoa, hela ni yake, kauliza gari basi aambiwe gari.

Watu wakiona paa linafunguka wanadhani ni gari ya tajiri, sio kweli. MR-S ni 1800, ilitoka Oktoba 1999 ikaisha 2007, na Roadster anayoitaka yeye ya kizazi cha pili, 1600 au 1800, ni ya 1998 mpaka 2005, kwahiyo pale TRA kwa upande wa cc zinakaa fungu moja, na ushuru wa uchakavu zinapigwa zote kwa sababu ya umri, ushuru hautamsaidia kuchagua. (Wenzetu wa Kenya hata mjadala huu hawana, sheria yao ya kutoingiza gari ya zaidi ya miaka 8 imeshazifungia mlango zote mbili.) Uzito kila moja ni tani moja hivi, Noah inafika tani moja na nusu, na huo wepesi ndio raha yenyewe, sio spidi, ni vile gari inavyoitika ukigusa tu usukani.

Mimi naendesha Roadster ya 2001, kaka yangu alikaa na MR-S kwa muda mrefu na nimeiendesha sana, kwahiyo siongei ya kusikia.

Najua jibu la mtaani ni moja, chukua Toyota spea zipo. Hilo ni kweli nusu. Injini ya MR-S ni 1ZZ, ile ile ya Premio, Allion, Opa na Wish za 1800 za kizazi cha kwanza, pampu ya maji au plagi au sensa unaingia maduka ya spea ya Gerezani, Dar, unatoka nayo siku hiyo hiyo. Lakini 1ZZ za mwanzo zina ugonjwa wake, ringi za pistoni zina vitundu vidogo vya kurudishia oili, vikiziba inaanza kula oili, wenye Opa za zamani wananielewa. Kwenye MR-S linaongezeka lingine, kuna masega madogo ya katalisti (ya kusafisha moshi) kwenye manifoldi ya egzosi karibu kabisa na injini, yakimeguka ule unga wake unaweza kurudi ndani ya silinda na hapo injini imekwisha. Kwahiyo akiamua MR-S atafute ya kuanzia 2003 kwenda mbele na kila akijaza mafuta avute dipstiki aangalie.

Afu spea zitakazomtesa sio za injini jamani. Ni taa, bampa, saiti mira, paa la turubai, na hizo Premio haina msaada wowote, utaagiza nje kama mwenye Mazda tu. Hapa ndipo Roadster inapoipita MR-S kwa mbali, maana mpaka Aprili 2016 Mazda walikuwa wameshatengeneza milioni moja za vizazi vyote, wakati MR-S hazikufika hata laki moja. Gari ikiwa nyingi hivyo duniani, wa kukutengenezea paa, bushi na shokapu mpya hawaishi, na bei inakuwa ya kibinadamu.

Kingine ni injini ilipokaa. MR-S injini iko nyuma ya siti, mbele wamebaki rejeta na tairi ya spea, na nimeshuhudia fundi mzuri tu wa Corolla anafungua boneti anakutana na tairi. Maji yanatoka rejeta mbele mpaka injini nyuma kwa mabomba marefu chini ya sakafu, sasa fundi asiyeijua anajaza maji kama anavyojaza Corolla, anafunga mfuniko anakukabidhi ufunguo, kumbe hewa imebaki ndani. Gauji inatulia kabisa, unafika njiani inapanda ghafla gari inachemsha. Ukiwasha ukasikia kama maji yanabugujika nyuma ya dashibodi usitoke gereji, rudisha, hewa bado imo. Kwenye Roadster kila kitu kiko mbele, fundi yeyote anaona anachoshika.

Na barabarani hivyo hivyo. MR-S kona kavu ni tamu, tena niseme ukweli inaingia kona kwa wepesi kuliko yangu. Ila lami ikiwa na maji, ukiachia mafuta katikati ya kona kwa kushtuka, uzito mwingi uko nyuma, mkia unakimbia na kuurudisha kunataka mazoea. Roadster uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, inaanza kuteleza polepole unaisikia kwenye siti kabla haijawa balaa. Mtu anayemiliki kwa mara ya kwanza gari inayosukumwa na tairi za nyuma, apande kona za Mombo kwenda Lushoto wakati wa mvua, mimi ningependa awe kwenye Roadster.

Mizigo nako, MR-S haina buti, kuna kisanduku tu nyuma ya siti. Roadster begi la safari la watu wawili linaingia. Na MR-S zenye gia za SMT aziache kabisa, ile ya klachi kujiendesha yenyewe ikileta shida fundi wake ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwahiyo achukue Roadster, gia za mkono. Ila nayo ina adui wake, kutu. Paa lina vitundu vya kutolea maji ya mvua nyuma ya milango, majani na vumbi vikiziba maji yanashuka kwenye vyuma vya chini ya milango yanakaa humo humo, rangi kwa nje inang'aa na ndani pameoza. Asidanganyike na rimu. Aombe picha za chini ya gari, hasa pale mbele ya tairi za nyuma, akiona rangi imevimba au pamepakwa lami nyeusi mpya aachane nayo, na akiambiwa gari ilikuwa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, aulize mara mbili, huko barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Msomaji wenu,
Tanga