Shemeji Hana Neno

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako ilinifikia juzi, nikaisoma mara mbili siku hiyohiyo, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa wasiwasi. Nianze na furaha, maana unaistahili. Nakumbuka miaka ile ulipokuwa ukijisomea usiku huku mtoto amelala mapajani, na leo wamekuita wenyewe uwaongozee idara nzima. Hongera sana. Hata kama hutaichukua kazi hiyo, hakuna atakayekunyang'anya kwamba walikuchagua wewe.

Sasa wasiwasi. Umeandika kurasa mbili na nusu kuniuliza mhame kuifuata kazi hiyo au mbaki. Mshahara umeueleza, cheo umekieleza, nyumba ya kupanga umeieleza mpaka idadi ya madirisha. Kisha karibu na mwisho, mstari mmoja: "Shemeji yako hana neno." Mstari huo nimeurudia kuliko barua yote.

Mimi nami sikuwa na neno, miaka tisa iliyopita.

Haya sijawahi kukusimulia yote. Unajua tu kwamba tulihama kufuata kazi ya baba watoto na kwamba mambo yalikwenda. Kweli yalikwenda. Lakini jioni ile alipoingia na barua ya ajira mkononi akaniuliza, "Unaonaje?", uso wake ulikuwa umeshajibu. Nilimwona mtu aliyeingoja nafasi hiyo miaka sita. Nikasema sina neno. Sikuwa namdanganya, nilikuwa na maneno mengi mno, nikakosa la kuanzia. Siku tatu baadaye mfanyakazi mwenzake akanisimamisha njiani kunipongeza, akaniambia walivyofurahi aliposema ndiyo wiki iliyopita. Wiki iliyopita! Yaani nilipokuwa naulizwa naonaje, jibu lilikuwa limeshapelekwa.

Nilikuwa na cherehani tatu na wasichana wawili niliokuwa nikiwafundisha kazi. Cherehani tulizipakia, zikafika salama. Wateja hawapakiwi. Nilibeba na daftari langu la vipimo, limejaa mabega, viuno na urefu wa mikono ya watu ambao nisingewashonea tena. Lilikaa kwenye droo ya jikoni mwaka mzima, na kila nilipotafuta kisu nilikutana nalo. Baba watoto alikuwa na ofisi tangu siku ya kwanza, na watu wa kumwita kwa jina lake. Watoto walikuwa na madarasa. Mimi nilikuwa na maboksi, na simu isiyolia. Sikumlaumu kwa maneno, nilimlaumu kwa kunyamaza, miezi kadhaa, mpaka mtoto wetu mdogo akauliza kwa nini siku hizi mama haimbi. Usiku huo tuliketi tukazungumza hadi alfajiri. Nikamwambia: hukuniuliza, ulinijulisha. Alilia. Sikuwa nimemwona akilia tangu siku aliyomzika baba yake.

Siandiki haya ili uikatae kazi. Kazi hiyo nakuombea. Naandika kwa sababu safari hii mwenye barua ya ajira ni wewe, na anayefuata nyuma ni shemeji, na mimi najua kiti hicho cha nyuma kilivyo.

Umeniomba nikwambie uende au usiende. Kuna barua moja ya kale ambayo huwa naikumbuka katika jambo hili. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mchungaji na mtu wa sayansi aliyekuwa akiishi Leeds, Uingereza, aliitwa na bwana mmoja mkubwa, Earl wa Shelburne, akawe mtunza maktaba wake. Alikuwa na mke na watoto, na kukubali maana yake ilikuwa kuhama. Akamwomba ushauri rafiki yake Benjamin Franklin, mwanasayansi kutoka Marekani aliyekuwa London wakati huo. Franklin alimjibu kwamba hana maelezo ya kutosha kumwambia aamue nini, ila akipenda atamwambia aamue vipi. Chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati, upande mmoja sababu za kukubali, wa pili za kukataa. Usimalize kwa kikao kimoja. Kwa siku tatu au nne andika kila linalokujia. Kisha pima. Sababu ya huku ikilingana na ya kule, zifute zote mbili. Moja ikiwa nzito sawa na mbili za upande wa pili, futa zote tatu. Tazama kinachobaki.

Priestley alikubali. Mwaka 1773 alihamisha familia kwenda mji wa Calne, hukohuko Uingereza, na mwaka uliofuata, katika maabara aliyokuwa nayo kwenye jumba la yule bwana, akaigundua hewa tunayoiita leo oksijeni. Mtu anayetaka kuhama ataishia hapo kwenye hadithi. Mimi naendelea mbele kidogo: kufikia 1780 kazi ile ilikuwa imekwisha, na familia ikahama tena, mara hii kwenda Birmingham. Kwa hiyo uliza mapema, na uulize bila aibu: mkataba ni wa muda gani, kipindi cha majaribio ni miezi mingapi, na wakikuacha katikati ya majaribio hayo nani atalipa gharama za kuwarudisha?

Karatasi ya Franklin naipenda, lakini ina kasoro kwa mtu mwenye familia: ni karatasi ya kalamu moja. Ninyi mnahitaji karatasi mbili. Wewe yako, shemeji yake, na kwa siku hizo tatu au nne kila mtu aandike bila kuchungulia ya mwenzake. Kisha mbadilishane. Na wakati wa kufuta, sababu yako isiifute sababu ya shemeji mpaka yeye mwenyewe ashike kalamu na kuipiga mstari. Karakana ile ya useremala ameijenga miaka kumi na miwili. Kwako inaweza kuonekana ni mbao na misumeno vinavyoweza kusafirishwa. Kwake ni wale watu wanaokuja na mlango uliovunjika kwa sababu baba zao walikuja kwake.

Madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa mwaka 1967 orodha ya mambo 43 yanayomtikisa mtu maishani, kila moja na alama zake. Kufiwa na mwenza kulipata alama 100. Kuhama makazi kulipata 20, kubadili shule 20 pia. Lakini mwenza kuanza au kuacha kazi kulipata 26. Sisemi maisha yako yapimwe kwa jedwali, maana watu hawafanani. Lakini nilipoona 26 hiyo juu ya 20 nilijisikia mtu ameniamini. Tulipohama, kila mtu alikuwa akiniuliza kuhusu nyumba mpya. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kazi ya zamani.

Kuhusu fedha sitasema mengi, hesabu unazijua kunishinda. Ila mshahara ulioniandikia ni wa barua. Utoe humo kodi ya serikali, kodi ya nyumba, karo, nauli za kurudi kuwaona wazee, kisha utoe na kipato cha shemeji kwa mwaka mzima, maana seremala mgeni hapati kazi siku anayoshuka garini. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na mnachopata leo wote wawili. Uliza bima ya afya inaanza lini na inawagusa wangapi. Uliza pia aliyekikalia kiti hicho kabla yako alikwenda wapi. Wakisita kukujibu hilo, sikiliza kusita kwao.

Lililonikosesha usingizi katika barua yako, baada ya shemeji, ni binti yako mkubwa. Wadogo wawili watalia wiki mbili kisha watapata wa kucheza naye. Wangu walifanya hivyohivyo. Lakini yeye yumo katika mwaka wa mtihani, na umri wake ni ule ambao rafiki ni nusu ya nafsi. Kijana wetu wa kwanza alikuwa na umri huo tulipohama. Alikuwa akirudi shule, anaketi na viatu vyake miguuni, kama mtu anayengoja kuondoka. Walimu walisema ametulia. Hakuwa ametulia, alikuwa mpweke. Laiti ningerudishiwa mwaka ule, ningemwacha amalize kwa shangazi yake, au tungeomba kazi ianze baada ya mtihani. Wewe bado unaweza kuomba. Watu waliokutafuta wenyewe hawatakufuta kwa sababu umeomba miezi mitatu, na kama watakufuta kwa hilo tu, basi umewajua kabla hujapakia boksi hata moja.

Unasema pengine utangulie peke yako, wao wafuate. Ni njia nzuri ikiwa na tarehe. Iandikeni tarehe yenyewe, mwezi na siku, na muandike itakuwaje siku hiyo ikifika na shemeji bado hayuko tayari. Bila tarehe, miezi mitatu huzaa mitatu mingine. Watoto wanazoea mama wa kwenye simu, na wewe unazoea nyumba yenye sahani moja. Nimeona ndoa njema ikichakaa hivyo bila ugomvi wowote.

Na kabla ya kujibu, nendeni mkaone. Si mwisho wa wiki, wala wakati wa likizo. Nendeni siku ya kazi, wewe na shemeji, mwamke alfajiri na kuifuata njia mtakayokuwa mkiifuata kila siku. Baada ya hapo yeye azunguke peke yake, atafute mafundi wa huko azungumze nao. Nilipofika kwetu hapa sikumjua fundi hata mmoja. Mwanamke aliyenipa mteja wa kwanza nilikutana naye mwezi wa kumi na nne, kwa bahati tu, mvua ilipotukusanya chini ya paa moja. Ningekuja mapema nikamtafuta, daftari lile lisingekaa droo mwaka mzima.

Mama mkwe wako sitamgusa hapa kwa kalamu. Magoti yake na upweke wake ni mambo ya kuzungumza naye akiwepo, na yeye hulijua jambo kabla hajaambiwa. Msiamue yake akiwa chumba cha pili.

Umesema wamekupa siku kumi. Leo zimebaki saba. Waandikie kesho uombe wiki mbili zaidi, uwaambie wazi kwamba ni jambo la familia nzima. Kisha jioni, watoto wakishalala, zima simu, umwambie shemeji maneno haya: bado sijajibu. Hakikisha ni kweli. Halafu nyamaza, hata akikaa kimya muda mrefu. Akisema tena kwamba hana neno, usimshukuru. Mwambie unataka hayo maneno, na kwamba usiku ni mrefu.

Sitaki uniandikie kwamba mmeamua kwenda au kubaki. Niandikie kwanza alichosema.

Msalimie sana, na umbusu binti yangu mkubwa kwa niaba yangu.

Mimi mwenzako akupendaye,
Fundi