Shukrani kwa aliyetuchorea bustani ya shule

Kwako uliyekataa jina lako litajwe: asante sana. Kamati ilikuwa imekwama. Kila upande ulitaka alama ya imani yake ikae katikati ya bustani, na maneno yalishaanza kuwa makali. Wewe ukauliza tu: ni miti gani imetajwa katika Biblia na katika Kurani pia? Mtini, mzeituni, mkomamanga. Ubishi ukaisha hapo hapo, tukahamia kwenye udongo na kivuli, ambako ndiko kazi yenyewe ilikokuwa.

Kilichonigusa zaidi ni ile kona uliyoiacha bila mwenyewe kwenye mchoro. Ulitusomea Walawi 19:9-10: pembe za shamba zisivunwe zote, zibaki kwa maskini na mgeni. Sasa anayepita anachuma pale, wala haulizwi dini yake. Tuta moja ukaliinua lifikiwe na mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu (jambo ambalo hakuna kati yetu aliyeliwaza), njia nayo ukaipanua.

Bomba bado linavuja kidogo, hilo tutalimaliza wenyewe. Mungu akuzidishie, na karibu wakati wowote.