Kiharusi hakiishii kwenye mkono na mguu

Mhariri, nimesoma ile ripoti yenu ya kiharusi, nzuri tu, ila mmeongelea mkono na mguu, sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu ya kitu chochote, mmeiruka kabisa. Karibu mtu 1 kati ya 3 wanaonusurika kiharusi anaipata, na sisi majumbani tunasema mzee anadeka, au karogwa, basi imeisha.

Mzee wangu alipooza upande wa kulia. Kliniki wanampima presha, wanamnyoosha mkono, wanaandika kwenye kadi, hakuna hata siku moja aliyemuuliza analala vipi. Mtu aliyekuwa hakosi taarifa ya habari ya saa 2 usiku leo redio hataki hata iwashwe, chai inapoa mbele yake mpaka inafanya utando. Na wala sio deko, ubongo una njia zake kama nyaya za umeme, sehemu moja ikiharibika hata zile za mbali zilizokuwa zinawasiliana nayo zinayumba, na zikiwa ni zile za hisia na hamu ya kufanya vitu ndo mtu anazima hivyo, bado hujajumlisha uchungu wa kushindwa kufunga kifungo mwenyewe.

Ombi langu kliniki zitumie yale maswali 9 ya kupima sonona yanayoitwa PHQ-9, ya Kiswahili yapo, ni dakika chache tu, atakayeonekana ana sonona apewe matibabu. Na watuulize na sisi tunaowauguza, maana wagonjwa wengine maneno yenyewe hayatoki tena.

Msomaji wenu, Morogoro