Mchango wa kusaidia wanafunzi chuoni: tuamue kwanza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kabla ya kuchanga tuchague: msaada wa lengo maalumu, unaotumika wote, au wakfu, ambao mtaji hauguswi, hutumika faida tu. Wakfu wa shilingi milioni 50, tukitoa asilimia 4, ni milioni 2 kwa mwaka. Tukichanga chini ya hizo milioni 50, naona msaada una manufaa zaidi.

Hati isainiwe na chuo kabla pesa hazijaingia. Lengo lisibane mno: tukiandika "mwanafunzi wa uuguzi kutoka Micheweni" na mwaka huo hayupo, pesa zinalala, chuo hakiruhusiwi kuzihamisha. Tuongeze "au popote Pemba". Hesabu ya mchango huu iwe mbali na ya ada za chuo. Ikiwa ni wakfu, faida inayobaki irudi kwenye mtaji, maana bei hupanda. Riba tuikwepe tangu mwanzo; hati itaje sukuk (hati fungani za Kiislamu zisizo na riba) au akaunti ya Kiislamu.

Maoni kabla ya Ijumaa, tafadhalini.