Barua ya wazi kwa mdogo wangu: begi baadaye, kwanza namba tatu

Mdogo wangu, hujambo?

Swali lako la begi gani ununue naliweka kando kidogo. Kabla hujatoa hata senti, tafuta namba tatu za huko unakotaka kwenda: latitudo, longitudo na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Ukizijua hizo, mengi yanayowashangaza wasafiri utakuwa umeyajua ungali nyumbani. Na kwa kuwa umeitaja Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka kule Peru, basi tuichukue hiyohiyo.

Mahali pake ni -13.163, -72.545. Hutangulia latitudo, hufuata longitudo. Alama ya kutoa kwenye ya kwanza inamaanisha kusini ya ikweta. Kwenye ya pili, magharibi ya mstari wa Greenwich, uliokubaliwa mwaka 1884 kuwa sifuri ya longitudo. Si pambo alama hizo. Ukizisahau zote mbili, ramani ya simu itakutosa katika Bahari ya Arabu, magharibi mwa India. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikaja mbele, utajikuta kwenye barafu ya Antaktika.

Makosa hayo afadhali, maana unayaona papo hapo. Baya ni lile linalojificha. Latitudo hiyohiyo huandikwa pia 13°09′47″, yaani nyuzi 13, dakika 9, sekunde 47. Dakika hizi ni za pembe, si za saa, na uzi mmoja una dakika 60, si 100. Mtu akiziandika 13.0947 kana kwamba ni kitu kimoja, amekosea kwa nyuzi 0.068. Haionekani kitu, lakini uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111 popote duniani, kwa hiyo amepotoka kwa zaidi ya kilomita 7, na katika milima ile mikali hizo ni kilomita nyingi sana. Dawa yake ni hesabu fupi: dakika gawa kwa 60, sekunde gawa kwa 3600, halafu jumlisha kwenye nyuzi. 9 kwa 60 ni 0.15, 47 kwa 3600 ni 0.013, ukijumlisha na 13 unapata 13.163.

Longitudo ndiyo saa yako. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika 4 kwa kila uzi. Nyuzi 72.5 magharibi ni kama saa 4 na dakika 50 nyuma ya Greenwich, na saa rasmi ya Peru iko nyuma kwa saa 5, basi jua na saa ya ukutani vinakaribiana. Si kila nchi iko hivyo. China nzima inatumia saa rasmi ileile moja, kwa hiyo Urumqi, mji wa magharibi mwa nchi hiyo kwenye nyuzi 87.6 mashariki, jua la utosi hufika kama saa 8 na dakika 10 mchana kwa saa rasmi. Na saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu tangu macheo, inakaa vizuri karibu na ikweta tu. Tromsø, Norwei, kwenye nyuzi 69 na nusu kaskazini, mwezi Juni jua halizami kabisa. Hiyo saa 12 jioni utaitambuaje?

Namba ya tatu, mwinuko, ndiyo watu huidharau, nayo ndiyo inayowalaza kitandani. Machu Picchu iko mita 2,430. Mji wa Cusco, ambako ndege nyingi za wageni hutua, uko kama mita 3,400. Umeona? Unakoanzia ni juu kuliko unakokwenda, kwa karibu kilomita nzima. Kwenye mita 3,400 kila pumzi ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani. Ukitoka usawa wa bahari ukalala hapo usiku uleule, tarajia kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Kwa hiyo usilale Cusco. Shuka siku hiyohiyo hadi Ollantaytambo, kama mita 2,800, kaa siku mbili, nenda Machu Picchu, kisha ndipo urudi Cusco mwili ukiwa umezoea. Kwingineko, ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Mtu akianza kupepesuka au kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi: mshusheni.

Umbali nao una hila. Mstari ulionyooka kutoka Cusco hadi Machu Picchu ni kama kilomita 75, ila hakuna barabara inayokufikisha hadi Aguas Calientes, mji ulio chini yake. Ni treni au miguu. Kutoka mji huo, ulioko kama mita 2,040, hadi kwenye magofu ni mpando wa mita 390. Kwenye ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1, yenye kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja) za kila mita 20, utavuka mistari kama 19, imebanana. Kubanana huko ndiko mwinamo mkali. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mpando huo peke yake ni dakika 39 juu ya muda wa kutembea, na Naismith hakuwa akiwazia hewa nyepesi. Mimi ningeongeza nusu ya muda huo. Tahadhari moja: kontua zenye umbo la V, ncha ikielekea juu ni bonde, ikielekea chini ni mgongo wa mlima. Wengi huzisoma kinyume.

Mvua huko huwa nyingi Desemba hadi Machi, na njia ya miguu ya Inka hufungwa Februari. Nenda Juni.

Sasa begi. Juni usiku wa Cusco hukaribia sifuri, mchana jua linachoma, na chini bondeni kuna joto la msituni. Sweta mbili nyembamba badala ya koti moja zito, koti la mvua, kofia pana. Lita 40 zinatosha.

Kakako.