Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuanze na Njia ya Miguu na Basi

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma Mweka Hazina, siyagusi. Nitazungumzia msimamo wetu wa mwaka mzima: Dar es Salaam ipate kwanza njia za miguu zinazopitika na mabasi ya kutosha, ndipo ifikirie kamera, programu za simu na magari ya umeme.

Gari la umeme halitoi moshi, na hilo ni jema. Lakini kwenye foleni linakula nafasi ile ile ya gari la petroli, na mara nyingi ndani kuna mtu mmoja. Basi la mwendokasi la mita 18 hubeba watu wapatao 150.

Awamu ya kwanza ya mwendokasi, karibu kilomita 21, ilianza Mei 2016. Kilichoifanya iende kasi ni mambo mepesi: njia yake peke yake, nauli kulipwa kabla ya kupanda, jukwaa kuwa usawa na sakafu ya basi, na nafasi ya basi kulipita jingine kituoni. Kilichoiumiza nacho kinaeleweka. Karakana iliwekwa bonde la Jangwani, ambako Mto Msimbazi hufurika. Tena mabasi yakiwa machache hufuatana: lililochelewa hukuta abiria wengi, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, na la nyuma hulifikia likiwa karibu tupu. Dawa ni kulishikilia la nyuma kituoni hadi dakika zake zitimie, na kuongeza mabasi asubuhi na jioni. Simu ikikuonyesha basi liko wapi, bado utasubiri kama basi lenyewe halipo.

Kwenye njia za miguu tunadai upana wa wazi usiopungua mita 1.8, viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Nguzo, vibanda na bodaboda zilizoegeshwa zisihesabiwe ndani yake. Hatuungi mkono kuwafukuza machinga. Barabara yenye watu wengi itengewe ukanda wao pembeni ya upana huo. Penye kivuko, mteremko usizidi 1 kwa 12: ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa mita 1.8, siyo zege la kumwaga la hatua moja.

Mifuniko ya mitaro inastahili neno la ziada, kwa kuwa ndiyo inayovunja watu miguu. Mfuniko mkubwa ukiinuliwa kuzibua mtaro haurudishwi, maana ni mzito, au unapasuka. Mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 50, unene 10, una uzito wa kilo 72 hivi. Ukiwekewa vishikio viwili vya nondo, watu wawili wanaurudisha.

Taa za kuvukia zihesabiwe kwa mwendo wa mzee, mita 1 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 inataka sekunde 14, na nyingine 5 za kuanza kutembea. Pale askari anapoita magari kwa mkono, zamu ya kila upande hurefuka, na anayetembea huchoka kungoja akajipenyeza katikati ya magari. Hapo tuta pana lililo usawa na njia ya miguu linasaidia hata umeme ukikatika.

Mwaka ujao kila tawi lipime mtaa mmoja kwa futikamba ya mita 5. Pimeni kila baada ya mita 50, na daima mahali pembamba kuliko pote. Andikeni kinachoziba, pigeni picha futikamba ikionekana. Fomu ziko kwa Katibu, zirudi kabla ya masika, mifuniko ikiwa bado inaonekana juu ya maji.