Vijana wa roki nzito wafunguliwe kumbi za jamii

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sikuwahi kudhani lingenihusu. Jumamosi moja ya mwezi uliopita, nikiwa na umri wa miaka 61 na nikiwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, nililipa shilingi 500 mlangoni mwa baa moja kando ya Barabara ya Ngong hapa Nairobi, nikapigwa muhuri mkononi kama wengine wote, nikaingia kusikiliza bendi nne za roki nzito, ile ambayo vijana wenyewe huiita metali. Binti yangu wa pili hupiga gitaa la besi katika mojawapo ya bendi hizo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwona akitoka nyumbani na gitaa mgongoni na kurudi alfajiri, nami nakiri kwamba nilikuwa nikimwombea zaidi ya nilivyokuwa nikimuuliza.

Ninaandika kwa sababu niliyoyaona usiku ule hayafanani na yanayosemwa juu ya vijana hawa, kwamba muziki wao ni wa shetani, na kwa sababu liko jambo ambalo serikali yetu ya kaunti inaweza kuwatendea bila kutumia fedha nyingi, nalo ni kuwafungulia kumbi za jamii ambazo wamekuwa wakinyimwa.

Tangazo lilisema onyesho lingeanza saa tatu. Bendi ya kwanza ilipanda jukwaani saa nne na nusu, si kwa uzembe wa wanamuziki, maana wao walifika tangu saa kumi jioni kufunga vyombo na kujaribu sauti, bali kwa sababu mwenye baa alitaka mechi ya ligi ya Uingereza iishe kwanza kwenye televisheni. Niliwatazama wakiwa wamekaa juu ya masanduku ya spika, dramu zimefunikwa kwa shuka, wakisubiri wageni kutoka Uingereza wamalize mpira wao. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba vijana hawa hawana mahali pao. Wanakaa kwa hisani ya bia: jioni yao inaendelea ikiwa bia inanunuliwa, na ikidorora wanaambiwa wafunge virago.

Kijana aliyesimamia mitambo ya sauti aliponiona alikuja mbio na kiti. "Mathe, keti hapa karibu nami, hapa hutasukumwa," aliniambia, kisha akanipa vizibo viwili vya sponji na kunionyesha namna ya kuvisokota kabla ya kuvitia masikioni. Nilivihitaji. Sauti ya muziki huu haina haya, na sitamdanganya msomaji kwamba niliipenda tangu mwanzo. Sauti ya gitaa imekwaruzwa makusudi, dramu zinakwenda kwa kasi ya mvua ya mawe juu ya mabati, na mwimbaji hangurumi mara moja au mbili tu, bali wimbo mzima. Katika bendi ya kwanza nilisikia kelele. Kufikia bendi ya pili nilikuwa nimeanza kusikia mpangilio, kwa maana mtu aliyeimba kwaya kwa miaka 40 hawezi kutotambua watu wanne wanaosimama kwa pamoja, kwenye pigo lile lile, baada ya mabadiliko matatu ya mwendo, bila kiongozi wa kuwainulia mkono. Nidhamu ya namna hiyo haipatikani bila mazoezi ya kila wiki.

Ule mngurumo ulinitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa nilidhani kijana yule anajiharibu koo. Bendi yake iliposhuka nilimwita nikamuuliza. Alinieleza kwa utulivu kwamba sauti hiyo haitoki kwenye nyuzi za sauti tunazotumia kuzungumza na kuimba, bali kwenye mikunjo iliyo juu yake kidogo, na kwamba anayekaza koo huumia wiki ya kwanza. Pumzi lazima itoke tumboni, alisema, na mabega yasipande. Mwalimu wetu wa kwaya hutuambia maneno hayo hayo kila Alhamisi.

Kuhusu maneno ya nyimbo, ambayo watu wengi huyaogopa kwa sababu hawayasikii, niliomba niandikiwe, na wimbo mmoja nilitumiwa kwa simu pale pale. Ulikuwa wa Kiswahili isipokuwa beti moja ya Kikuyu. Ulihusu nyumba iliyobomolewa kando ya barabara mpya, na bibi aliyeketi juu ya godoro lake kwenye mvua akisubiri lori ambalo halikuja. Nimefundisha ushairi shuleni kwa miaka 34, na ningeufundisha wimbo huo darasani bila kubadilisha neno. Uchungu uliomo ni wa kweli, na sasa ninaelewa kwa nini haukuweza kuimbwa kwa sauti nyororo.

Lililonigusa kuliko yote lilitokea katika zamu ya bendi ya binti yangu. Katikati ya wimbo wao wa tatu, stima zilipotea. Jenereta ya baa iliunguruma, lakini ilikuwa imeunganishwa na friji na televisheni peke yake, kwa hiyo jukwaa likabaki gizani na gitaa zikanyamaza. Mpiga dramu hakuacha. Aliendelea na pigo lile lile, akalipunguza kidogo, na watu waliokuwa ukumbini, labda 80 hivi, wakashika kiitikio kwa makofi na kwa vinywa vyao, wakaimba mle gizani huku baadhi wakiwa wameinua taa za simu. Nilimwona binti yangu akiimba nao, mkono umekaa juu ya nyuzi ambazo hazikutoa sauti. Nilivua vizibo vyangu. Kwa takribani dakika kumi wimbo ule ulizunguka na kurudi, na mtu angepita nje angedhani ni mkesha wa maombi.

Mbele ya jukwaa palikuwa na duara ambamo vijana walikuwa wakisukumana na kugongana mabega. Kwa macho ya mzazi lilikuwa jambo la kutisha. Kisha kijana mmoja akadondosha miwani, na papo hapo waliomzunguka wakanyoosha mikono kuwazuia wengine, duara zima likasimama, wakainama na kumulika sakafu hadi miwani ikapatikana. Walipomrudishia waliendelea. Aliyeanguka aliinuliwa kabla hajagusa sakafu vizuri. Nimesimamia milango ya mabweni ya shule na foleni za chakula, na sikumbuki wanafunzi wangu wakitunzana kwa kiwango hicho.

Najua hofu yetu ilitoka wapi, kwa sababu mimi mwenyewe niliibeba. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999. Katika miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa bweni. Tulifungua masanduku ya wanafunzi tukatafuta kaseti na fulana nyeusi, na siku moja nilimnyang'anya mvulana wa kidato cha tatu fulana yenye picha ya fuvu, nikaitia motoni mbele ya wenzake. Alikuwa mtoto mpole aliyependa gitaa. Sikumuuliza hata swali moja. Usiku ule wa Barabara ya Ngong nilimkumbuka, na kama angekuwa mbele yangu ningemwomba msamaha.

Wapo wanaosema muziki huu si wetu. Ni kweli kwamba haukuanzia hapa. Ulianzia katika mji wa viwanda wa Birmingham nchini Uingereza, ambako bendi ya Black Sabbath ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule ambao yeye, kwa kuwa hutumia shoto, huukandamizia nyuzi. Alijitengenezea kofia za plastiki za kuvika vidole hivyo, na baadaye akalegeza nyuzi zake ili zisimuumize, na sauti ya gitaa ikateremka ikawa na uzito ule tunaousikia hadi leo. Binti yangu aliponisimulia habari hiyo nilimfikiria mpiga dramu wake, ambaye mchana huchomelea vyuma katika karakana ya jua kali huko Kariobangi na mikono yake imejaa makovu ya cheche. Yeye hahitaji kuelezwa muziki huu ni wa nani.

Tena Afrika haikuupokea jana. Zambia ilikuwa na bendi zake za roki tangu miaka ya 1970, na Botswana ina mashabiki wanaovaa ngozi nyeusi kutoka kofia hadi viatu katika jua la Kalahari. Hapa Nairobi kwenyewe, vijana wawili waliotoka katika bendi zetu za roki nzito, Martin Khanja na Sam Karugu, waliunda kundi la Duma, ambalo jina lake halina uhusiano na yule mnyama mwenye mbio, bali ni neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ilijadiliwa kwa heshima katika majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani. Wenzao wa Crystal Axis wameimba juu ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji na mateso aliyowatendea watu wa Kongo. Ni jambo la kusikitisha kwamba msikilizaji wa Berlin anaweza kuwafahamu wanamuziki wa mji huu kabla ya jirani yao wa mtaa wa pili.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Binti yangu na wenzake wamekwisha kuomba ukumbi wa jamii mara mbili. Mara ya kwanza msimamizi alikubali, akapokea malipo ya awali, kisha alipoona tangazo lao alighairi na kuwaambia kwamba pale hapafanyiwi muziki wa shetani; malipo yale hayajarudi hadi leo. Mara ya pili, mahali pengine, walijibiwa kwamba ukumbi ni wa harusi, mikutano na mahubiri. Sitaji kumbi hizo kwa sababu sitaki kumwaibisha mtu, ninachotaka ni utaratibu ubadilike.

Kumbi hizi zilijengwa kwa ajili ya wakazi, na zimewahi kubeba mambo mazito kuliko gitaa. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa mahali pa mikutano ya siasa wakati wa ukoloni, kiasi kwamba watu waliufananisha na bunge. Wazee wa Pumwani nao wanakumbuka dansi zilizochezwa katika Ukumbi wa Kumbukumbu, na bila shaka dansi hizo pia ziliwahi kuitwa upotovu na wazazi wa wakati huo.

Sipuuzi suala la kelele. Tuna kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na mwishoni mwa mwaka 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba vilabu vya usiku havitaruhusiwa tena katika makazi ya watu, hatua ambayo mimi, mkazi wa Buruburu ninayelala mapema, niliiunga mkono. Lakini hatua ile iliwapunguzia vijana hawa mahali pa kupigia, wala hakuna aliyewaonyesha pengine pa kwenda. Ndiyo maana sipendekezi usiku. Ninapendekeza Jumamosi moja ya kila mwezi, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, ukumbi mmoja kwa zamu katika kila upande wa jiji, kwa ada ile ile inayotozwa harusi, bila kuuza pombe. Vijana wenyewe wana vyombo na mafundi wao wa sauti.

Faida ya saa hizo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Onyesho likiwa baa, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia, na mtoto anayejifunza gitaa huwaona wanaomtangulia kwenye kioo cha simu tu. Msichana anayetaka kwenda hulazimika kufikiria atarudi vipi saa tisa za usiku, wakati ambapo hakuna matatu na bodaboda humtoza atakavyo. Usiku ule tulirudi kwa teksi iliyotugharimu shilingi 1,200, na sehemu ya binti yangu katika mapato ya mlangoni ilikuwa shilingi 700. Alinikabidhi fedha hizo zote nilipe dereva, nami nikaongeza zilizobaki.

Wiki hii wameandika barua ya tatu, safari hii kwa idara ya kaunti inayosimamia kumbi, na wamenipa niisahihishe Kiswahili chake. Haikuwa na makosa mengi. Nimeongeza sentensi moja mwishoni, kwamba mzazi mmoja, mwalimu mstaafu, atakaa mlangoni kuanzia saa nane hadi mtu wa mwisho atakapotoka, na kwamba funguo za ukumbi atazirudisha yeye mwenyewe.

Mama wa mpiga besi,
Buruburu, Nairobi